Makunyanzi ya macho, kopo lisilo na lebo na sindano ya saluni

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Uyole hapa Mbeya, ingawa kwetu ni Tukuyu. Nauza viazi na kabichi kando ya barabara kuu, biashara niliyoianza nikiwa bado na mtoto mgongoni. Jua la mchana kutwa ni langu, na kiangazi vumbi la malori nalo ni langu. Sijawahi kulalamika, maana hiyo hiyo barabara ndiyo imesomesha watoto.

Binti yangu mkubwa anaolewa. Send-off ni Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi. Mahari imeshapokelewa, sare tumeshachagua, kamati inaendelea vizuri. Shida ni mimi.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kitchen party ya mtoto wa dada yangu kule Soweto, hapa hapa Mbeya. Picha zikarushwa kwenye grupu la ukoo. Wifi yangu mmoja akaichukua picha yangu, akaikuza mpaka yakabaki macho tu, akairudisha kwenye grupu na maneno haya: "Wifi jamani pumzika, macho yanasema yote." Watu wakacheka. Na mimi nikatuma kicheko ili nisionekane nimekasirika, lakini usiku nilichukua kioo nikakaa chini ya taa nikajitazama vizuri. Nikitabasamu yanatoka makunyanzi manne au matano kila upande, yanaanzia pembe ya jicho yanaelekea panjani. Zamani nikinyamaza yalikuwa yanaondoka. Siku hizi mengine yanabaki. Chini ya macho nako ngozi imelegea, inajikunja vimistari vidogo vidogo.

Shangazi, nimeanza kuhangaika. Kuna kijana anapita sokoni na begi mgongoni, aliniuzia kopo dogo jeupe la krimu, halina maandishi isipokuwa stika ya ua. Nimelipaka tangu mwezi wa nne, asubuhi na usiku, mpaka juu ya kope. Wiki mbili za mwanzo nilishangaa mwenyewe. Uso uling'aa, weusi wa chini ya macho ukapungua, nikaulizwa natumia nini. Sasa hivi nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka na kuwasha, nikipaka unatulia, kwa hiyo naona bora niendelee. Jioni nikiwa nafunga biashara taa za magari zinanitawanyikia machoni na kuwa na duara, lakini hilo nadhani ni umri, maana hata meseji ya muamala siku hizi naisoma kwa kukunja macho na kuisogeza simu mbali.

Halafu Mwanjelwa kuna dada mmoja mwenye saluni ya kope na kucha, ameanza kuchoma sindano. Anasema ni Botox ya Korea, shilingi 150,000 macho yote mawili, na nikilipia na fila ya chini ya macho ananipunguzia. Kichupa alikitoa kwenye droo akanionyesha. Rafiki yangu alichomwa pale, kope la kushoto likashuka, akawa anatazama nusu kwa wiki kadhaa. Yule dada alimwambia ni bahati mbaya tu, wengine wote wametoka vizuri.

Mwanangu wa pili yuko Dar es Salaam, anafanya kazi. Anasema nipande basi nimfuate anipeleke kwa daktari na gharama ni yake. Baba Bahati hataki kusikia. Anasema ile ni sumu, na kwamba mama mzima anayeozesha anataka kurudi usichana. Kauli hiyo iliniuma kuliko ya wifi.

Naomba uniambie ukweli. Je, ni sumu kweli? Zipo njia za kupunguza haya makunyanzi bila kupasuliwa? Na mafuta ya parachichi, ute wa yai, limau, vinasaidia? Nina miezi minne tu.

Ndaga fijo, Shangazi.

Mama Bahati, Uyole

JIBU

Marahaba Mama Bahati, na hongera kwa kuozesha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jambo lililonishtua zaidi umeliandika kwa sentensi moja tu, tena ukalisingizia umri: kwamba jioni taa za magari zinakutawanyikia na kuwa na duara. Nitaanzia hapo. Makunyanzi yapo na hayatakimbia. Jicho likiharibika huenda lisirudi.

Kopo hilo jeupe lina dalili zote za kuwa na steroidi kali, dawa za jamii ya betamethasoni au klobetasoli, ambazo hospitalini tunazitoa kwa pumu ya ngozi na magonjwa ya namna hiyo, kwa siku za kuhesabu, na usoni kwa tahadhari kubwa. Nimefanya uuguzi mpaka nikastaafu, na mtu aliyezoeshwa krimu hizi nilikuwa namtambua kabla hajakaa kitini. Mashavu yanang'aa kupita kiasi, vinyweleo vimeota pembeni mwa uso, kidevuni kuna vipele vya saizi moja, na ukimuuliza kuhusu jua anakwambia linamchoma kuliko zamani. Wiki mbili za kwanza kila mtu anasifu. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu, inatuliza ngozi, inapunguza weusi, na wewe unaona umepata. Baadaye inaikonda ngozi yenyewe. Huko kuwaka unakokusikia ukiikosa siku mbili ni ngozi iliyokwisha kuitegemea, na kadiri unavyoituliza kwa kopo hilo hilo ndivyo inavyozidi kudai. Tena ngozi ikishakonda, makunyanzi uliyokuwa unayakimbia yanaongezeka.

Sasa fikiria umeipaka juu ya kope. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, kama nusu milimita hivi, na dawa inapenya hapo upesi. Steroidi ikitumika karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, ambayo huleta ugonjwa tunaouita glakoma, na inaweza kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji na mtu anaona tena. Glakoma inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudishwi na daktari yeyote.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya mkutano mwingine wowote wa kamati, nenda kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Waambie maneno matatu: krimu, kwenye kope, tangu mwezi wa nne. Omba wapime presha ya macho. Kipimo ni cha dakika chache. Kopo libebe mkononi, usilitupe, wao na daktari wa ngozi watalihitaji. Kuanzia leo usipake tena kwenye kope wala kuzunguka macho. Sehemu nyingine ya uso usiikatize peke yako kwa ghafla, mwache daktari akupangie namna ya kupunguza, maana uso unaweza kulipuka ukatamani kurudi kwa yule kijana. Na likitokea jicho likawa jekundu, linauma, kichwa kinagonga na unatapika, usisubiri kliniki ya asubuhi. Nenda usiku huo huo.

Naomba na wengine mnaosoma mnisikilize. Tangu 2019 vipodozi nchini vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, na steroidi, haidrokwinoni na zebaki haviruhusiwi kwenye vipodozi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, viambato, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho linauzwa kutoka kwenye begi kwa sababu halina pengine pa kuuzwa.

Haya, tuje kwenye makunyanzi.

Jicho lako limezungukwa na msuli wa mviringo. Ukitabasamu, ukicheka, ukikimbia vumbi, unajikunja, na ngozi iliyo juu yake inajikunja nao. Ukiwa kijana ngozi inajinyoosha mara moja kwa sababu ina kolajeni ya kutosha, ile nyuzi inayoibana na kuivuta. Jua linaila kolajeni hiyo mwaka hata mwaka. Hedhi ikikoma inapungua zaidi, inakadiriwa mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi katika miaka 5 ya kwanza. Hujaniambia kuhusu hedhi, lakini kwa miaka 49 huenda uko hapo au unakaribia. Ndiyo maana zamani mistari iliondoka ukinyamaza na sasa inabaki. Kumbuka tofauti hiyo, kwa sababu mistari inayokuja ukitabasamu na mistari iliyokwisha kukaa haitibiwi kwa dawa moja.

Kuna jambo la kwetu huku juu ambalo watu wengi hawalijui. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya jua inayochoma ngozi inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtu wa Dar es Salaam analikimbia jua kwa sababu ya joto. Sisi tunalikaa, tena Juni na Julai tunalitafuta, tunageuza viti tuliote. Baridi inatudanganya. Hata mawingu ya Tukuyu hayaizuii mionzi yote. Ngozi nyeusi ina kinga yake, utafiti wa mwaka 1979 uliikadiria kuwa sawa na SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), wakati nyeupe ilipata 3, na ndiyo maana makunyanzi yetu yanachelewa kuliko ya Wazungu. Lakini kinga hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayekaa barabarani kutwa, miaka nenda rudi.

Nawe unakunja macho mara mbili, kwa jua na kwa simu. Kuisogeza simu mbali ili uione ni dalili ya kawaida ya macho baada ya miaka 40, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Ukiwa pale pale kliniki ya macho, pimwa na hilo. Pata na miwani ya jua iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi ya jua, si ile nyeusi tu ya kuzugia, kwa sababu kioo cheusi kisicho na kinga kinafungua mboni huku mionzi inapita. Kofia ya pama yenye ukingo mpana, mwavuli mkubwa juu ya viazi na juu yako, na losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, asubuhi, kisha irudie mchana. Karibu na macho chagua yenye zinki oksaidi au titani dayoksaidi, haiwashi sana. Zenye rangi kidogo ya kahawia zinafaa zaidi ngozi yetu, haziachi weupe na zinasaidia na madoa. (Losheni zinazotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino usizinunue hata ukiletewa. Zinaokoa maisha yao, ziacheni ziwafikie.)

Baba Bahati anasema sindano ni sumu. Amesema kweli, na hilo mpe. Botox na dawa ndugu zake zinatokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeua watu kupitia vyakula vya kopo vilivyoharibika. Inachofanya ni kuzuia kemikali inayopeleka amri ya mshipa wa fahamu kwenye msuli, na msuli ukikosa amri unapumzika. Kwa kiasi kidogo sana, kwenye msuli uliochaguliwa, ni dawa. Tena ilianzia machoni. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco aliitafutia kazi kwenye makengeza, na 1989 Marekani ikaidhinisha itumike kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Huko Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anawatibu watu wa kope hizo, akaona mikunjo ya uso nayo inalainika. Mume wake, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi, wakaifuatilia pamoja na kuchapisha walichokiona mwaka 1992. Makunyanzi ya katikati ya nyusi yaliidhinishwa Marekani 2002, na haya yako ya pembeni mwa macho 2013.

Namna inavyofanyika kwa mtu anayejua: Botox yenyewe kipimo chake kwa macho yote mawili ni yuniti 24, yaani 12 kila upande, zikigawanywa kwenye nukta tatu zilizo nje ya mfupa wa jicho. Sindano ni nyembamba sana na kazi inaisha kwa dakika kadhaa. Unaanza kuona mabadiliko baada ya siku chache, inakamilika kwenye wiki mbili hadi nne, na baada ya miezi mitatu au minne msuli unarudi kazini na mistari nayo inarudi. Kwa hiyo si kitu unachokinunua mara moja. Inalainisha sana mistari ya kutabasamu. Ile iliyokaa inapungua tu, na ngozi iliyolegea chini ya jicho haikazi. Inaweza kuacha michubuko, macho kukauka, tabasamu kwenda upande, na kope kushuka. Haitakiwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha, kwa mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, wala mahali penye maambukizi. Ukiwa unachomwa antibayotiki ya gentamaisini au dawa za jamii yake, mwambie daktari kabla.

Kope la rafiki yako lilishuka kwa sababu dawa ilifika kwenye msuli unaoinua kope. Hakuna dawa ya kuifuta hapo hapo, anasubiri iishe yenyewe. Kwa daktari stadi hutokea mara chache. Kwa asiyejua misuli iko wapi, "bahati mbaya" inakuwa desturi.

Na kile kichupa cha kwenye droo, Mama Bahati, kingetosha kukutoa pale saluni. Botox inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa na maji ya chumvi inatumika ndani ya saa 24. Ya kwenye droo ama imekufa na unalipia maji, ama haijulikani ni nini. Mwaka 2024 huko Marekani, kwenye nchi yenye wakaguzi wengi kuliko sisi, watu 22 katika majimbo 11 waliugua baada ya sindano bandia au zilizochomwa na watu wasiostahili au mahali pasipostahili, na nusu yao walilazwa hospitali. Na hatujagusa suala la sindano moja kutumika kwa watu wawili. Virusi vya homa ya ini na VVU havijali kama ulikwenda kutibiwa au kujipamba.

Fila ya chini ya macho iache kabisa, hata ukipewa bure. Ni jeli inayojaza, na katika eneo hilo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuziba damu ya jicho na kumpofusha mtu. Madaktari wenyewe wanapaogopa hapo, nao wana dawa ya kuyeyusha mkononi.

Leza na kuchubua kwa kemikali vinasaidia watu wengine, lakini kwenye ngozi nyeusi, na hasa ngozi iliyokondeshwa na steroidi, hatari ya kubaki na madoa meusi ni kubwa. Ile rola ya sindano ndogondogo ni nafuu kidogo kwa ngozi yetu ikifanywa na mtaalamu kwa sindano mpya. Kwako mwaka huu hapana.

Cha kupaka kilichothibitika zaidi ni tretinoini, inayotokana na vitamini A. Marekani iliiidhinisha kwa makunyanzi madogo ya jua mwaka 1995. Inaandikwa na daktari. Unaanza siku mbili kwa wiki, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na karibu na macho unaishia kwenye mfupa, hupandi kwenye kope. Mwanzoni ngozi inabanduka na kukauka. Matokeo ni ya miezi mitatu hadi sita. Wewe hutaianza sasa. Kwanza ngozi ipone, daktari wa ngozi ndiye atakayesema lini. Na siku ukiipata, usimgawie bibi harusi, mjamzito haruhusiwi kuitumia na hatujui atashika mimba lini.

Parachichi: mafuta yake ni mazuri, yanashika unyevu wa ngozi, na vimistari vinavyotokana na ukavu vinapungua kuonekana. Rungwe mnayo, paka usiku kidogo, ikiwa hayakuwashi. Hayajengi kolajeni. Ute wa yai unavuta ngozi kwa saa chache ukikauka, ukinawa umekwisha. Limau usiguse, asidi yake pamoja na jua letu inaunguza na kuacha madoa.

Sasa hiyo miezi minne. Agosti na Septemba ni za macho na za kumaliza steroidi. Miwani, kofia na losheni anza navyo sasa, daktari akupe na krimu ya kulainisha isiyo na harufu. Wanawake wengi nyuso zao zinatulia wakifanya hayo tu, na picha inaonyesha. Oktoba, ikiwa presha ya macho iko sawa na ngozi imepoa, ndipo uamue kuhusu sindano. Ukiitaka, panda basi umfuate mwanao. Tafuta daktari bingwa wa ngozi, Muhimbili wapo, nao watakuelekeza. Muulize daktari namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari, muulize amefanya macho ya watu weusi wangapi, mwambie akuonyeshe friji, kichupa kikiwa bado kimefungwa, jina, toleo na tarehe. Anayejua kazi hakasiriki kuulizwa. Muulize na bei ya kurudia, maana baada ya sherehe utaendelea kuishi na uso huo huo. Mwisho wa kuchoma iwe wiki ya kwanza ya Novemba, ili kukitokea mchubuko au kope likashuka pawe na muda. Wiki hiyo ikipita hujachoma, basi usichome.

Kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekushauri mwaka huu usichome. Sikatai sindano, nimeona watu imewafaa. Wewe una ngozi iliyoumizwa na jicho ambalo bado halijapimwa, na mimi nisingeruhusu mtu alichome sindano kandokando. Mwakani, ngozi ikishapona, ukiitaka bado, ifanye kwa raha zako.

Baba Bahati msomee sehemu ya macho ya barua hii, maana kwenda hospitali ni lazima na anapaswa kukusindikiza. Kisha mwambie neno la usichana lilikuuma. Mwambie hivyo hivyo kama ulivyoniandikia mimi. Mwanamke kutaka apendeze siku ya kumtoa binti yake si jambo la kuombea msamaha, na mwanamume aliyeishi nawe miaka yote hiyo akiambiwa vizuri anaelewa. Wifi, naye, mpigie simu, nje ya grupu. Mwambie picha aifute. Ikiwa alitania, ataona aibu na atafuta. Ikiwa alikusudia, atajua umeona.

Siku yenyewe, mpambaji akupake krimu ya unyevu kwanza na asubiri dakika kumi ikolee kabla ya faundesheni. Poda chini ya macho iwe kidogo sana au isiwepo, maana poda nyingi inaingia kwenye mistari na kuikoleza, kila kamera inaiona. Mpiga picha mwambie taa aiweke usawa wa uso, isitoke juu. Kope za kubandika achana nazo, gundi yake haifai kwa jicho ambalo bado linatibiwa, wanja na maskara mpya, si ya kuazima, vinatosha.

Kliniki ikishakupima, niandikie namba walizozipata.

Shangazi